Kumrudia rafiki uliyemkimbia wakati wa msiba

Msiba ukiingia nyumbani kwa kijana wa kidato cha pili au cha tatu, kila mtu anajua mahali pake isipokuwa rafiki zake. Kina mama wanajua jikoni ni wapi. Wanaume wanakaa chini ya turubai, kamati inashika daftari la rambirambi, vijana wa mtaani wanapasua kuni. Rafiki wa darasani anasimama getini na sare ya shule, hajui aingie ndani walikokaa wafiwa au arudi kwao. Wengi hurudi. Urafiki wa miaka unakatikia hapo, bila ugomvi na bila neno baya hata moja, na kwa sababu hapakuwa na ugomvi hakuna anayekuja kuwapatanisha.

Sisi tunaoishi na vijana wa sekondari huku Nyanda za Juu Kusini tunaliona jambo hili mara nyingi, na linauma kwa sababu linazuilika. Hata likishatokea, lina njia ya kurudi nyuma. Nitaieleza kwa kufuata habari ya mabinti wawili wa Mbeya ambao wameridhia yaandikwe bila majina yao.

Walikuwa majirani Uyole, shule moja, dawati moja. Walitumia kitabu kimoja cha Baiolojia na kuchangia mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko. Jumamosi walishinda kwa mama wa mmoja wao, yule ambaye baadaye aliugua. Alipofariki, mwili ulisafirishwa kwenda kijijini Rungwe, juu ya Tukuyu, mwendo wa kama kilomita 70 kutoka mjini. Yule rafiki aliomba kwenda. Mama yake akamjibu kama wazazi wengi wanavyojibu: "Wewe una mtihani, na bado mtoto. Nitakwenda mimi kwa niaba yetu." Akaenda kweli, akatoa rambirambi, akalala msibani, akarudi.

Kwa taratibu za watu wazima hapo hakuna deni. Mmoja akienda, nyumba nzima imekwenda. Ila kijana hahesabu nyumba. Anamtafuta mtu mmoja katika umati ule, asipomwona anaandika moyoni kwamba hakuja.

Na huku kwetu urafiki wa rika haukuwa jambo la kitoto tangu zamani. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa Rungwe miaka ya 1930, waliwakuta vijana wa kiume wa Kinyakyusa wakijenga kijiji chao wenyewe pembeni ya wazazi, rika moja mahali pamoja, wakienda kula kwa makundi leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Naikumbuka habari hiyo kila ninapomsikia mzazi akisema "aliyefiwa ni mwenzako, wewe yanakuhusu nini?" Binti yule wa Uyole alikula kwa marehemu kila Jumamosi. Msiba ule ulimhusu. Alikuwa na majonzi yake, hakuna aliyempa pole, na hilo ni nusu ya sababu ya yaliyofuata.

Mfiwa aliporudi darasani baada ya wiki kadhaa, rafiki yake alikuwa amehamia dawati la nyuma. Hakuwa na chuki. Aliogopa kuuliza, akaogopa pia kunyamaza, na kukaa mbali kulimwokoa na vyote viwili. Wenzao walisogea na maneno waliyoyasikia kwa wakubwa: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, bora amepumzika. Maneno haya huwa na maana yanapotoka kwa mchungaji au bibi aliyezika wengi. Yakitoka kwa mtoto wa miaka kumi na mitano kwenda kwa mwenzake yanafunga mlango. "Jikaze" humwambia asilie mbele yako. "Bora amepumzika" humwambia asitamani mama yake arudi, na hicho ndicho kitu pekee anachotamani.

Kinachosaidia siku ile ni kifupi sana. "Pole. Sijui hata niseme nini, ila nipo." Kisha ukae palepale pa zamani. Ukimaliza hapo, mpe kazi yako ya mikono. Mwandikie noti alizokosa, uanze na Hesabu, kwa sababu mada ya wiki moja ikipita zinazofuata hazieleweki, wakati Historia anaweza kuisoma mwenyewe. Juu ya kila ukurasa andika tarehe na jina la mada, na zoezi lililotolewa uliweke alama. Usimpe daftari lako anakili usiku, kwani usingizi wenyewe hana. Huduma kama hii haihitaji ufasaha wa maneno, na mfiwa haisahau.

Tujue pia majonzi ya umri huu yanavyokwenda, maana hapa ndipo rafiki wengi hupotoshwa. Wengi wamesikia habari za hatua tano: kukataa, hasira na kuendelea hadi kukubali. Elisabeth Kübler-Ross aliyezieleza mwaka 1969 alikuwa akizungumzia wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe, wala hakuna kijana anayezipanda kama ngazi. Ninachokiona shuleni kinafanana zaidi na maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko ndani ya msiba, saa ijayo yuko kwenye maisha ya kawaida, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Saa nne atacheka mapumzikoni. Saa sita, mwalimu akitaja neno "mzazi", atatoka nje. Rafiki akimwona anacheka anasema "kashasahau", akimwona analia anasema "hataki watu". Yote mawili si kweli.

Kisha kuna suala la simu, na naomba lisomwe kwa makini. Laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Hivyo vijana wengi wa sekondari huwasiliana na wenzao kwa simu ya mzazi. Mama akifariki, huenda namba pekee uliyo nayo ya rafiki yako ni namba ya marehemu. Yule binti wa Uyole aliishika simu mara kadhaa akalitazama jina "Mama" na jina la mwenzake mbele yake, akashindwa kubonyeza. Ataipokea nani? Atamwita nani? Baadaye alipopata ujasiri laini ilikuwa imefungwa. Laini ikikaa bila kutumika kwa miezi hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mkiwa bado msibani, au wiki ile ya kuanua matanga, omba namba ya mtu mzima wa pili wa familia, yaani mama mdogo, shangazi au kaka mkubwa, na uiandike kwenye karatasi.

Haikuandikwa. Muhula ulipoisha mfiwa alichukuliwa na mama yake mdogo kwenda Makambako, zaidi ya kilomita 150 kwa barabara kuu ya Iringa. Hawakuagana. Ikapita miaka miwili.

Nafasi ya pili ilikuja walipomaliza kidato cha nne. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza katikati ya mwaka unaofuata, kwa hiyo kijana anakaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka. Muda ule mtulivu huamsha mambo. Yule binti aliyehama dawati alikuja kutuuliza swali moja tu: je, muda umepita? Jibu ni kwamba pole iliyochelewa bado ni pole. Katika mila zetu aliyekosa mazishi huja baadaye, hata baada ya mwaka, akakaribishwa na kusimuliwa msiba wote upya. Mlango huo tayari upo. Vijana hawaambiwi tu kwamba nao wanaruhusiwa kuupitia.

Kumtafuta hakukuwa kwa mtandao. Naonya hasa dhidi ya kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Swali linageuka maneno, maneno yanamfikia yeye yakiwa yameongezwa chumvi, na anajua unamtafuta kabla hujasema neno lako. Binti alikwenda kwa kina mama wa kanisa alikosali marehemu. Kina mama wa kanisa na wa vikundi vya kufa na kuzikana huwa na namba za ndugu, kwa sababu ndio waliopanga safari ya mazishi. Alimpigia mama mdogo, akamwamkia, akajitambulisha, akaomba ruhusa ya kutuma barua. Hakuomba apewe simu aongee na mwenzake. Hilo lilikuwa jambo la busara sana. Mtu akipigiwa ghafla na aliyemwacha hulazimika kujibu papo hapo, na jibu la papo hapo huwa la hasira au la uongo. Barua anaisoma peke yake, akitaka anaiweka, akitaka anaichana.

Barua ya kwanza aliyoandika ilijaa kurasa mbili. Mama alinikataza, tulikuwa na mtihani, nauli haikuwepo, nilikuwa mdogo. Yote yalikuwa kweli na yote tuliyatoa. Sababu zikitangulia, mfiwa anageuzwa hakimu wa kesi yako, au mbaya zaidi, anatakiwa akufariji wewe. Iliyotumwa ilikuwa nusu ukurasa, na naileta hapa kama ilivyokuwa:

"Pole kwa kufiwa na mama. Nilitakiwa kukuambia neno hili miaka miwili iliyopita. Sikuja Rungwe, na uliporudi shuleni nilihama dawati, ukabaki peke yako. Nilikukosea. Namkumbuka mama alivyokuwa akitukatia parachichi Jumamosi, anasema msomi hasomi na njaa. Kila nikiona parachichi namkumbuka yeye. Huna lazima ya kunijibu. Sisi bado tuko Uyole, nyumba ileile."

Tazama ilivyojengwa. Marehemu ametajwa kwanza, na msamaha umekuja baadaye. Kosa limetajwa kwa jina, dawati, na halikufichwa ndani ya "kama nilikukwaza popote". Kumbukumbu ni moja na ni ya kitu kinachoshikika. Vijana waliofiwa hutueleza kwamba kinachowatesa sana mwaka wa pili ni kuona hakuna tena anayemtaja mama yao, kwa hiyo anayekuja na Jumamosi moja ambayo walikuwa wameisahau amewaletea mali. Mwisho, barua haikuomba chochote.

Ilikwenda kwa kondakta wa basi, ikiwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina na namba ya mama mdogo. Kikafuata kimya. Kipindi hiki ndicho kigumu kuliko nauli na barua. Hamu ya kupiga kuuliza "ameipata?" ni kubwa, na akiendekezwa kijana atapiga kila siku. Piga mara moja kuhakikisha mzigo umefika, basi. Wiki zilipita kabla mama mdogo hajapiga: "Kaisoma, mwanangu. Hajasema kitu, ila juzi kaniuliza kama nauli ya kutoka Mbeya ni kubwa." Kwa aliyezoea vijana, swali hilo la nauli lilikuwa jibu.

Safari yenyewe ilimgharimu akiba ya miezi ya kuuza maparachichi na mama yake: nauli ya kwenda na kurudi, sukari kilo mbili, mchele kilo tatu, mche wa sabuni. Tulimzuia kununua khanga na viatu vya kumpa mwenzake. Zawadi kubwa kwa mtu ambaye bado hajakusamehe humfunga mikono. Vya jikoni hupewa nyumba, navyo ndivyo vinavyokwenda na pole. Panda basi la alfajiri pale stendi ya Nane Nane ili ufike kabla ya mchana, na beba sweta, kwa sababu Juni Makambako ni baridi kali. Na kwa kuwa tumetaja baridi: ukilala ugenini au msibani miezi hii, jiko la mkaa lisiachwe linawaka katika chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu ya kukushtua, na inaua watu usingizini.

Ukifika, wakubwa kwanza. Shikamoo, ukae unapoonyeshwa, kisha useme kilichokuleta kwa sauti ya kusikika: "Mama, nimekuja kutoa pole kwa msiba wa dada yako. Sikuwahi kuja wakati ule." Atakusimulia. Ugonjwa ulianzaje, hospitali gani, usiku ule nani alikuwepo. Usimkatize, usitazame simu, usiseme "najua". Simulizi hiyo ni sehemu ya ibada ya msiba, na mwenzako atakuwa anasikiliza kutoka mlangoni au jikoni. Kwa mara ya kwanza anakuona ukisikiliza jambo ambalo hukulisikiliza.

Walipoachwa wawili hawakuachwa waongee. Walipewa kazi. Ulikuwa msimu wa mavuno, wakakalishwa kwenye mkeka na rundo la mahindi ya kupukuchua. Kama kuna jambo moja ningeomba walezi walishike, ni hili: msiwakalishe vijana kwenye makochi wakitazamana na kuwaambia "haya, elewaneni". Wape kazi ambayo macho yanatazama mikono. Gunzi linazunguka, punje zinaanguka kwenye beseni, kimya kinakuwa na sababu yake, na neno likitoka linatoka kando kando bila kulazimishwa.

Neno lililotoka lilikuwa: "Ulihama dawati."

"Ndiyo. Nilihama."

Akanyamaza hapo, akaendelea kupukuchua, kama alivyoelekezwa. Hapa wengi huharibu kwa kuongeza "lakini". Mwenzake akachukua gunzi lingine, na punde akauliza, "Kwa nini?" Sababu inaruhusiwa kutoka pale inapoulizwa, na iwe fupi: "Niliogopa. Nilikuwa sijui nikwambie nini." Ndipo hasira yote ikaja, na machozi, na maneno makali kuhusu siku zile za kula mihogo peke yake ukutani. Usishtuke ikija. Aliyekukata kabisa hakupigii kelele, hujibu "nimekusamehe" kwa adabu na kukusindikiza stendi. Hasira maana yake bado anakudai, na mtu hadai asikokuwa na matumaini ya kulipwa.

Wakati mwingine haitafika huko. Mama mdogo atasema hataki, au barua itarudi. Hapo rudi nyuma kabisa. Usimtume dada yake, usimtumie mchungaji, usiweke picha ya marehemu kwenye simu yako ili aione. Mwachie mama mdogo neno kwamba ulikuja, halafu uendelee na maisha. Mfiwa hana deni la kukurudisha, na kijana aliyefiwa anayesoma hapa aelewe hivyo pia: unaweza kupokea pole ya mtu bila kumrudishia nafasi yake.

Kwa waliopatana, hatari inayofuata ni ahadi kubwa. "Nitakupigia kila siku" hufa ndani ya wiki mbili, na kufa kwake ni kuhama dawati mara ya pili. Mabinti hawa waliwekeana Jumapili moja katika kila mbili, saa kumi jioni, kwa simu ya mama mdogo, na walipokosa walitoa taarifa kabla. Aliyekosea pia alimwomba mwenzake tarehe nne akaziandika nyuma ya daftari: siku mama alipofariki, siku ya kuzaliwa kwa mama, siku ya kuzaliwa kwa binti mwenyewe, na siku ya kuripoti kidato cha tano, ambayo wanafunzi wengi hushushwa getini na mzazi. Baadaye wakaenda kaburini pamoja, kwa idhini ya familia. Rungwe mvua ni nyingi na majani yanakua haraka, kwa hiyo walibeba panga na jembe, wakalima na kufagia, kazi ya asubuhi nzima.

Rafiki asibebe kila kitu, hata hivyo. Mwenzako akisema anataka kumfuata mama yake, akianza kugawa vitu vyake, au akijiumiza mwili, hiyo haiwi siri ya wawili hata kama umeapa. Mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo, na ofisi za ustawi wa jamii zipo katika kila halmashauri. Majonzi makali yasiyolegea yakizidi miezi 6, mtu hawezi kusoma, hataki kula, hataki kuishi na wengine, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unayatambua kama tatizo linalohitaji mtaalamu. Hapo anahitaji hospitali, na urafiki wako utakuwa wa kumsindikiza.

Kwa wazazi nina ombi. Mtoto akiomba kwenda msibani kwa rafiki yake, mpeleke. Saa mbili zinatosha. Mwambie mapema atakachokiona, kwamba watu watalia kwa sauti, kwamba mwili unaweza kuagwa na yeye anaweza kubaki nje asiuangalie. Mkabidhi kazi: abebe maji, aoshe vyombo na wasichana wa nyumba ile. Mpeleke kwanza kwa mwenzake, amshike mkono, ndipo aende kwenye vyombo. Mtihani wa wiki ile mweleze mwalimu, huenda ukarudiwa au kusamehewa.

Julai mabinti hawa walipangwa shule mbili tofauti za bweni, ambako simu hairuhusiwi, hivyo Jumapili zao zikawa barua. Anayepeleka kijana aliyefiwa bweni aonane na matroni na mwalimu wa malezi siku ya kuripoti, aeleze nani alifariki na lini, aache namba mbili za ndugu, na aseme jina la rafiki ambaye barua zake zisicheleweshwe ofisini.